Neno la Mwisho la Mwalimu Aikaeli

Zama hizo kila kichwa kilipimiwa idadi ya maneno yake, na neno lililojulikana na mtu mmoja tu lilifutwa. Afisa wa maneno alipopiga hodi, Ndekusara alikuwa akikanda unga, naye mama mkwe wake, Mwalimu Aikaeli, ameketi kando akimkosoa.

"Mama, Kiingereza cha kale hakina tena msemaji," afisa alisema kwa upole. "Umebakiwa na neno moja. Tulitoe, upumzike."

"Nitapumzika kaburini," Mwalimu alijibu. "Neno lenyewe ni lady. Wenyewe walipoliunda, lilimaanisha mwanamke akandaye mkate. Baadaye mabibi wakubwa wakalitwaa, wakausahau unga. Nami niusahau?"

Afisa akatoa kifaa chake mkobani. Ndekusara, aliyezoea kumtania mama mkwe kwa maneno yake ya makaburini, alimwona yule mzee akikifunika kichwa chake kwa mikono miwili.

"Kirudishe hicho," alisema. "Lady ni mkandaji wa mkate. Sasa tunalijua wawili."

"Kichwa chako kimejaa, dada. Likiingia hilo, jingine litatoka."

"Na litoke."

Afisa alipokwisha kuondoka, Ndekusara aliurudia unga wake. Alinyoosha mkono kulielekea kopo la chumvi, akafumbua kinywa kuitaja, jina lisije.

"Mama, nipe ile nyeupe."

Mwalimu alimpa, akataka kumtajia jina lake.

"Usinitajie," Ndekusara alimkatiza. "Litatoka jingine. Nitatia hivi hivi."