Jina la Kapinga

Ofisi ilingoja arobaini ipite, ndipo Sifuni, fundi wa kompyuta, akaagizwa kufuta jina la marehemu Kapinga kwenye orodha ya barua pepe. Alilifuta mara tatu, na kila asubuhi alilikuta limerudi. Siku ya nne akagundua kwamba seva ya zamani ilikuwa bado inalo, nayo ndiyo iliyokuwa ikiirudishia ile mpya. Akalifuta huko pia.

Saa nne, Bi Eufrasia wa masjala, mjane wa Kapinga, alisimama mlangoni.

“Mwanangu, barua niliyomwandikia mume wangu leo imerudi. Zile nyingine zote zilikuwa zinafika.”



Bi Eufrasia alikuwa ameichapa na kuitia kwenye bahasha. Akaiweka mezani taratibu, akabaki amesimama, akingoja kuambiwa aipeleke wapi.