Shabiki Aliyeuzwa Kabla ya Ligi

"Beki gani huyu, anasubiri mshambuliaji amwombe ruhusa ya kupita!" Bi Mwanahamisi aliifokea televisheni. Ligi ilikuwa haijaanza, hii ni mechi ya kirafiki tu, lakini timu yake, Kombora ya Tanga, ilishafungwa mawili. "Na kocha kakunja mikono kama mkwe ukweni!"

"Mama Zaituni, taratibu," mumewe alimsihi, akigusa nyuma ya sikio lake.

Siku hizi klabu ziliuza mashabiki kama zinavyouza wachezaji. Kila shabiki alikuwa na kidude cha klabu kilichopandikizwa nyuma ya sikio kumsikiliza, na waliolalamika sana kabla ya msimu ndio waliopelekwa sokoni.

"Wacha wanisikie! Naisema hii timu kwa sababu ni yangu. Ya jirani itaniuma nini?"

Kidude kikalia. Sauti laini ikamshukuru kwa mapenzi yake, ikamtakia heri katika klabu mpya.

"Mniuze mimi? Mimi niliyeolewa nimejifunga kanga ya Kombora? Hamna haya! Hamna hata—"

Joto kutoka kwenye kidude likampita shingoni. Akaenda kuepua wali.

Jumamosi iliyofuata Kombora ilicheza tena. Beki yuleyule akasimama akitazama, mpira ukaingia wavuni.

"Maskini, kajitahidi," Mwanahamisi alisema kwa upole.

Mumewe alikuwa anamkodolea macho, kama mtu anayesubiri kitu. Mwanahamisi alifikiri ni kitu gani, asikipate.

"Nikutilie chai?" akamwuliza.