Wageni wa Hajira

Hajira alisimama katikati ya ngazi, mikono kaitanua huku na huku. Hapiti mtu. Bwana Onesphory wa ofisi ya mambo ya kale, funguo mkononi, akashusha pumzi.

"Dada yangu, leo Ijumaa, saa tisa hii. Njoo Jumatatu."

"Jumatatu katapila litakuwa limelala ukumbini kwetu, kaka."

Mara ya nne hii anapanda ngazi hizo za Posta. Nyumba yao ya Kariakoo, vyumba sita na ua, ilishauzwa. Mbele wameipiga alama nyekundu ya X, na tajiri anataka kupandisha ghorofa kumi. Dawa ilikuwa moja tu: ikiandikwa kwenye daftari la kumbukumbu za mji, hakuna wa kugusa tofali.

Na cha kuandikwa kilikuwepo. Wiki mbili nyuma Hajira alisogeza kabati chumbani mwake, chumba cha marehemu bibi yake mkunga, akakuta maandishi ya penseli toka darini mpaka sakafuni. Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Kila mtoto aliyepokelewa na bibi mtaani tangu mwaka 1938: jina lake, siku yake, mama yake katokea wapi. Lindi, Songea, Machame, wote wamo. Alihesabu mia mbili na kumi na moja, machozi yakamzuia kuendelea. Akarudisha kabati.

"Picha si niliwaletea?"

"Picha siku hizi simu inajitungia yenyewe. Sisi tunaandika tulichokigusa."

"Basi njoo uguse! Dakika kumi tu. Nakupigia magoti."

Akapiga kweli, pale pale kwenye vumbi, watu wa ofisi za juu wakimkwepa na mikoba yao. Bwana Onesphory akaona aibu. Akamwita Theophil, mpiga picha wa ofisi.

"Twende. Lakini ole wako nisikute kitu."

Nyumbani Hajira hakuwa amemwambia mtu. Nyumba ile ukikohoa chumba cha kwanza, chumba cha sita wanakuletea tangawizi. Na dalali wa tajiri kila siku yuko barazani kwao anakunywa chai, masikio kayategesha. Angesikia, ukuta ungeangushwa kabla ya Jumatatu. Kwa hiyo yeye Hajira, ambaye umbea haujawahi kumlalia tumboni, safari hii alifunga mdomo. Alfajiri, kabla ya kwenda Posta, alimwambia shangazi yake Sabaha maneno machache tu.

"Leo, Mungu akijalia, narudi na wageni."

"Wageni? Wanaume?"

"Wawili. Mmoja mtu mzima."

Shangazi alimshika mashavu kwa viganja viwili, macho yamemlowa. "Nenda, mwanangu. Ya nyumbani tuachie sisi."

Bajaji ilipofika Mnazi Mmoja, simu ikaita.

"Mmefika wapi?" Ni shangazi, anahema.

"Tunakaribia."

"Njooni taratibu, tunamalizia."

Hajira akadhani wanamalizia dua. Alikuwa anaomba na yeye, midomo inacheza, kucha zimezama kwenye pochi.

Harufu ya pilau iliwapokea kwenye kona. Kibarazani kumetandikwa mikeka mipya, dalali hayupo, wamemfukuza. Wanawake wa nyumba nzima wamejifunga kanga sare, na Bwana Onesphory alipotia mguu chini, vigelegele vikapasuka.

"Kuna shughuli hapa?" akauliza.

Hajira alikuwa kashashuka kwenye bajaji. Pua yake ilikuwa imekamata harufu nyingine, chini ya pilau. Akawapangua watu, akakimbia ukumbini, akasukuma mlango wa chumba chake.

Shangazi Sabaha alimfuata mbio, analia huku anacheka.

"Unadhani tusingejua? Hata kama Jumatatu wanavunja, mwanangu, posa yako ije ikute kuta chafu? Rangi tumechanga sote! Ila hiki chumba chako kimemtesa fundi Goodluck. Nyuma ya kabati kulikuwa na michoro ya penseli ukuta mzima. Kaikwangua na msasa tangu asubuhi, ndiyo ikatoka."