Nusu ya Mulongo

Mwaka wa 1971, katika zahanati moja pale Nyamasaria, madaktari wawili walikuwa wakibishana. Nje, chini ya dirisha, Mulongo na pacha wake walisikia kila neno.

"Uraibu wa huyu pacha ni wa damu," alisema mmoja.

"Ingekuwa damu, Mulongo naye angevuta bangi. Ni marafiki wabaya tu."

Pacha wake, aliyebaki mifupa mitupu, akatoa msokoto wa bangi, akaukata katikati kwa ukucha, vile mama yao alivyokuwa akiwakatia kiazi.

"Mama alisemaje? Pacha mmoja akila peke yake, mmoja wao atazikwa. Mimi nimekula peke yangu miaka mitatu. Nitazame."

Mulongo alimtazama.

Ndani, madaktari walikuwa bado wanabishana Mulongo alipokinga kiganja.