Mafuta ya Kuotesha Manyoya

Hapo kale ya juzijuzi, Tausi aliingia laivu kwenye simu kuuza mafuta ya Nungunungu ya kuotesha manyoya. “Wapenzi wangu, mkia huu ni kazi ya mafuta haya,” alisema, akiutandaza.

Mama Kishingo, kuku mwenye shingo tupu, akanunua, akapaka, akaambulia upele. Akawashtaki wote wawili.

Tausi hakuwa na wasiwasi. “Mheshimiwa, mafuta ni ya Nungunungu. Mimi mdomo tu.”

Hakimu Ngamia alitafuna kwanza. “Na mkia ni wa nani?”

“Wangu,” Tausi akajibu kwa maringo.

“Basi Nungunungu atarudisha fedha. Wewe utatoa mkia, maana ndio uliomnunulisha Mama huyu.”

Ukang'olewa. Siku hizi umeota tena, bila tone la mafuta, lakini Tausi akiingia laivu huukalia kwanza.