Ubao wa Banda la Sungura

"Polepole, mama, anaumia," binti alisema, amempakata sungura wake mweupe.

Hilaria alichovya kipande cha shati la mtumba kwenye maji ya chumvi, akakigusisha pale sikio lilipochanika. Lilikuwa jembamba kama ganda la kitunguu, na lilitetemeka.

Nje ya jiko mumewe alikuwa akinoa kisu. "Hili dume jeusi leo linaingia chunguni! Nililitenga kwa ubao, likauangusha, likamrarua mwenzake. Na ubao wenyewe siuoni."

Hilaria hakuinua macho. Jana, alipokosa kitu cha kukandamiza majani ya mgomba juu ya pipa la mbege, pombe ya ndizi ya sherehe ya kipaimara, aliung'oa ubao huo bandani. Alijiambia ataurudisha jioni, akasahau.

"Hebu nichotee mbege nionje," mumewe aliita.

Hilaria alibaki ameketi. Binti akamkabidhi sungura, akachukua kata, akaliendea pipa pale pembeni. Akauinua ubao. Ulikuwa ule wa bandani: manyoya meupe yalikuwa yamenasa kwenye msumari.

Mtoto alimtazama mama yake kwa muda. Kisha akaurudisha ubao taratibu juu ya majani.

"Baba," alisema, "mbege bado haijaiva."