Shanta Lenye Daktari

Rosina alikuwa ameshafika mlangoni, amekumbatia furushi lililoviringishwa blanketi, Gebhard alipoinua macho kutoka kwenye kahawa yake.

"Linaenda tena kwa daktari?"

"Ndiyo," alisema mkewe.

"Msalimie. Mwambie mgonjwa wetu hajawahi kuugua hata mafua."

Rosina akafunga mlango taratibu. Gebhard akacheka peke yake, akaongeza sukari.

Mashanta yalikuwa mawili, yalinunuliwa siku moja, lake jekundu, la mkewe la kijani, mwaka ambao jirani yao alifukiwa na theluji na kupatikana majira ya kuchipua. Ndani ya kila shanta kulikunjwa puto kubwa, na chini yake mtungi wa gesi. Theluji ikiporomoka, unavuta kishikio kilicho begani, puto linajaa ghafla na kukuinua juu ya theluji kama chelezo. Gebhard alilipa akaamini mambo yameisha. Kumbe ndiyo kwanza yanaanza. Vinzenz, mwenye duka, akawaambia kwamba kila vuli mtungi upimwe na kujazwa, mipira ya kuziba ibadilishwe, puto lijazwe kwa majaribio. Na baada ya miaka kadhaa vipuri vitupwe na kununuliwa vingine, hata kama havijatumika.

"Huyo hauzi shanta," Gebhard alisema wakirudi nyumbani. "Anakuoza mke, halafu anadai mahari kila mwaka."

Aliapa kwamba senti yake haitarudi mle dukani, na fundi asithubutu kuligusa shanta lake. Yeye alikuwa seremala wa mapaa. Kitu kilichotengenezwa vizuri, alisema, hakihitaji kubembelezwa. Rosina hakubishana. Alikuwa mpishi katika hoteli ya pale juu, na mshahara wake ndio ulioteremka kwa Vinzenz kila vuli. Viatu vyake vya baridi vilishaingia kwa fundi mara mbili. Gebhard aliviona, akatikisa kichwa.

"Shanta linavaa vizuri kuliko mwenyewe."

Kilichomkera zaidi ni mambo ya mlimani. Wakifika juu ya mteremko mtupu, ule ambao kila mtu bondeni alitamani kuwa wa kwanza kuuchora kwa alama za kuteleza, Rosina aligeuza mbao zake za kutelezea na kushukia msituni, kwenye miti iliyobana, ambako theluji haiporomoki kirahisi.

"Una mwavuli wa dhahabu," alimwambia, "na mvua ikianza unajificha chini ya mti."

"Wewe tangulia. Mimi huku kunanitosha."

"Umelipia, na bado unaogopa."

Basi ikafika Jumapili moja ya Februari, theluji mpya imelala juu ya ile ngumu, jua limetoka. Rosina alisimama ukingoni akautazama mteremko muda mrefu, akasema haupendi. Gebhard akamwambia hakuna aliyemwomba aupende. Akashuka.

Alipinda mara ya kwanza, ya pili. Kisha akasikia mshindo, mfano wa mlango mzito uliobamizwa chini ya ardhi, na mlima mzima juu yake ukaachia. Mbao zikang'oka miguuni. Akapapasa begani, akavuta. Kitu kikalipuka mgongoni mwake, na tangu hapo hakujua juu wala chini. Alijua tu kwamba kuna kinachomng'ang'ania na kumrudisha kwenye mwanga kila alipozama. Alimwita mama yake, ambaye alikuwa kaburini siku nyingi.

Theluji iliposimama ilikuwa imemshika hadi kifuani kama saruji, lakini uso wake ulikuwa juani. Rosina alitoka msituni na koleo mkononi, akianguka na kuinuka. Alichimba haraka. Alipomfikia kiunoni aliegemeza paji la uso kwenye lile puto, akakaa hivyo, mabega yakimtetemeka.

Gebhard naye alikuwa analia, na kulia kukamtia aibu, na aibu ikamrudishia ulimi.

"Umeona?" alisema. "Miaka minane hakuna fundi aliyeligusa. Umeona lilivyofanya kazi?"

"Nimeona," alisema Rosina.

Walipofika kijijini hawakupitia nyumbani. Waliingia baa hivyo hivyo, na mashanta yao, na Gebhard akasimulia. Alisimulia tena kila mlango ulipofunguka. Watu walimnunulia glasi ya pombe ya peasi, wakampigapiga mgongoni. Vinzenz alikuwa kwenye meza ya kona anakula matonge ya jibini, na Gebhard akahakikisha anamsikia.

"Wenzangu mnalea mashanta kama kuku wa mayai. Langu nimelitelekeza darini, na tazameni." Macho yake yakaangukia shanta la kijani lililowekwa kwenye benchi. "Hebu tulione na la bibi mkubwa, lenye daktari wake."

"Gebhard, liache," alisema Rosina.

"Mtungi nitaulipia mimi. Leo nina furaha."

Akaliweka mezani, akawasogeza watu nyuma kwa mkono kama mwanamazingaombwe, akavuta kishikio.

Kamba ikatoka, ikaning'inia. Akavuta tena. Hapakuwa na mlipuko wala pumzi. Kitambaa kililala palepale.

Baa nzima ikaangua kicheko, na Gebhard akacheka kuliko wote hadi akashika meza.

"Mnaona? Miaka minane ya mshahara wa jikoni! Vinzenz, njoo umzike mgonjwa wako."

Vinzenz hakucheka. Aliweka uma, akamtazama Rosina, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa, kisha akamtazama Gebhard.

"Nilidhani unajua," alisema. "Hilo la kijani sijawahi kulishika tangu mlinunue. Miaka yote mkeo ananiletea jekundu tu."